Bei ikipangwa pande mbili za mpaka, faili litafunguliwa wapi?

Swali hili linatufikia mara kwa mara kwenye laini ya huduma kwa wateja, na mara nyingi huja na hasira kidogo: mbona kutuma elfu kumi kutoka Nairobi hadi Kisumu ni jambo la kawaida, lakini kuituma Arusha, ambako kwa barabara ni karibu zaidi, inauma mfukoni?

Jibu letu la kila siku ni la kweli. Mpaka una gharama. Pesa lazima igeuzwe kutoka shilingi ya huku kwenda shilingi ya kule. Kampuni mbili zenye leseni za benki kuu mbili lazima zihesabiane. Floti inakaa pande zote mbili, na kila serikali ina kodi yake na masharti yake ya kuzuia pesa chafu. Tangu 2015 pesa inaweza kwenda moja kwa moja kutoka simu ya Kenya hadi simu ya Tanzania, lakini nyuma ya ile meseji moja ya uthibitisho kuna kazi ya watu wengi.

Ila hilo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili kampuni za sekta yetu hazipendi sana kuigusia, kwa hivyo leo tuiguse. Bei ya huduma hutegemea pia kama kuna mtu mwingine anayeweza kukupa huduma hiyo kwa nafuu, na kama ameachwa afanye kazi yake. Akizuiwa, au akikubaliana na mwenzake wasishindane, wewe unalipa tofauti bila kuiona popote kwenye risiti.

Ndani ya Kenya tumeliona hili kwa macho. Hadi katikati ya 2014, wakala aliyehudumia mtandao mkubwa zaidi wa pesa kwa simu alifungwa na mkataba asihudumie kampuni nyingine. Mshindani alilalamika, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ikaingilia, na Julai mwaka huo sharti likaondolewa. Ndiyo maana leo duka moja linaweza kuwa na mabango matatu ya kampuni tofauti. Mwaka 2016 mamlaka hiyo hiyo ikaagiza kampuni za pesa kwa simu zimwonyeshe mteja gharama kwenye simu yake, badala ya kumwachia bango lililobandikwa ukutani kwa wakala.

Kesi hizo mbili ziliwezekana kwa sababu kila kitu kilikuwa hapa hapa. Mkataba ulikuwa Nairobi, wakala yuko Kenya, mlalamikaji yuko Kenya, na karatasi zote ziko kwenye makabati ambayo mamlaka ina nguvu ya kuyafungua. Pesa ikivuka Namanga, stori inabadilika.

Shilingi moja inayopotea njiani

Tuchukue mfano wa kufikirika. Tuseme sokoni shilingi moja ya Kenya inauzwa kwa shilingi 20 za Tanzania. Unatuma 10,000. Kwa bei ya soko, dada yako Arusha angepata 200,000. Lakini kampuni inakupa bei ya 19, naye anapokea 190,000. Hizo 10,000 za Tanzania zilizopungua ni sawa na shilingi 500 za Kenya. Hakuna mahali zimeandikwa "ada". Kwenye skrini unaweza hata kuona kwamba ada ya kutuma ni ndogo, ukafurahi, kumbe makato halisi yamejificha ndani ya bei ya kubadilisha pesa.

Kampuni moja ikiamua yenyewe kutoa 19, hilo ni chaguo la biashara. Ukiona ni ghali unahamia kwa inayotoa 19.60. Hatari inaanza pale ambapo kampuni zinazoshindana kwenye njia hiyo zinakubaliana kimyakimya kwamba hakuna atakayempa mteja zaidi ya 19. Hapo hakuna pa kuhamia. Tufikirie tena kwamba mazungumzo hayo yalifanyika kwenye hoteli ya Dar es Salaam, barua pepe zinazoyathibitisha ziko kwenye kompyuta za Dar, ilhali waliokatwa wanaishi Nairobi, Mombasa na Taveta.

Sasa nani afungue faili? Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 inaweza kuigusa kampuni inayofanya biashara hapa hata kama jambo lenyewe lilipangwa nje. Hiyo ni haki ya kuuliza. Uwezo wa kufungua kabati la Dar ni kitu tofauti, na afisa wa Nairobi hana. Tume ya Ushindani ya Tanzania inao uwezo huo, ila waliokatwa si watu wake na malalamiko hayakuanzia kwake. Kila upande una nusu ya ushahidi, na kwa kesi ya kupanga bei nusu ya ushahidi haitoshi kitu. Bei mbili kufanana si kosa. Kosa ni makubaliano, na makubaliano hukaa kwenye barua pepe, meseji na kumbukumbu za vikao.

Neno moja kabla hatujaendelea. Kwetu Kenya "kateli" limekuwa jina la kila broka tusiyempenda, wa sukari, wa mahindi, hata wa viwanja. Kwenye sheria lina maana finyu zaidi: washindani waliokula njama wasishindane. Wanaweza kupanga bei, kugawana wateja, au kupunguza bidhaa sokoni. Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani ilizitoza kampuni tisa za chuma zaidi ya shilingi milioni 338 kwa mambo ya aina hiyo, na kama ulijenga nyumba miaka hiyo unajua bei ya nondo ilivyokuwa. Kesi kama hiyo inaweza kwenda njia ya jinai, mtu akafungwa, au njia ya madai, ambayo kampuni hutozwa hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka, huamriwa kuacha, hubadilishiwa masharti. Tunaongelea hii njia ya pili. Ndiyo inayotumika zaidi, na ndiyo inayoweza kumletea mteja nafuu haraka.

Vitamini na mfugaji wa kuku

Anayedhani haya ni ya nadharia aangalie kesi ya vitamini. Kuanzia mwisho wa 1989 hadi 1999, watengenezaji wakubwa wa vitamini duniani, wakiwemo Roche wa Uswisi na BASF wa Ujerumani, walikuwa wakikutana kwa siri kupanga bei na kugawana soko la dunia nzima. Sehemu kubwa ya vitamini hizo haikuwa ya vidonge vya dukani. Ilikuwa ya kuchanganywa kwenye chakula cha mifugo, cha kuku hasa.

Walipokamatwa, Roche alikubali kulipa Marekani faini ya dola milioni 500. Mwaka 2001 Tume ya Ulaya ikazitoza kampuni nane jumla ya euro milioni 855. Wanunuzi wa Marekani walikwenda mahakamani kwa njia ya madai wakapata zaidi ya dola bilioni 1. Wanunuzi wa nchi nyingine nao wakajaribu mlango huo huo. Walitoka Ecuador, Panama, Ukraine na Australia, mmoja wao akiwa mfugaji wa nguruwe, na wote walifungua kesi Marekani kwa kuwa huko ndiko fidia hulipwa mara tatu ya hasara. Juni 2004 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaambia hapana: kama hasara yako ilitokea nje ya Marekani na haihusiani na bei za Marekani, dai kwenu.

Kinachotuvutia zaidi ni walioiunga mkono hoja hiyo. Serikali za Ujerumani, Canada, Japani, Uingereza na nyinginezo ziliiandikia mahakama hiyo zikiiomba isiwakubalie wadai wa nje. Hoja yao ilikuwa na uzito. Kateli nyingi huvunjika kwa sababu mmoja wao anakwenda kuungama ili asamehewe faini. Akijua kwamba akiungama Ottawa au Berlin atashtakiwa Marekani na dunia nzima kwa fidia mara tatu, atanyamaza. Sisi tunaielewa hoja hiyo. Lakini angalia waliobaki nje. Mjerumani aliambiwa adai Ujerumani, na Ujerumani ilikuwa na ofisi yenye meno. Mfugaji wa Thika aliyenunulia kuku wake chakula miaka ya tisini angebisha wapi? Kenya ilikuwa na sheria ya kuzuia ukiritimba ya 1988, ikisimamiwa na ofisi ndani ya Hazina, na nyaraka zote za njama zilikuwa Ulaya na Marekani. "Dai kwenu" ni jibu la haki kwa mtu ambaye kwao kuna ushahidi.

Kuna mfano mwingine ulio karibu na kazi yetu, na huu ulikwenda vizuri zaidi. Desemba 2007 Tume ya Ulaya iliamua kwamba ada ambazo Mastercard ilikuwa imeziweka kati ya benki na benki, kadi inapotumika kuvuka mpaka ndani ya Ulaya, zilivunja sheria ya ushindani. Ada hizo hulipwa na benki ya mwenye duka, mwenye duka huziingiza kwenye bei, na mwishowe mnunuzi ndiye hulipa, hata yule wa pesa taslimu asiye na kadi. Mwaka 2016, Walter Merricks, mwanasheria wa Uingereza, alifungua kesi ya madai London kwa niaba ya wanunuzi wapatao milioni 46. Hakulazimika kuanza upya kuthibitisha kwamba kosa lilitendeka, kwa sababu Uingereza ilikuwa mwanachama na uamuzi wa Brussels uliifunga mahakama ya London. Kesi ilipigwa vita hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2025 ikaishia kwa maridhiano ya pauni milioni 200. Ukigawa kwa watu milioni 46 utacheka, na wengi walilalamika kwamba ni kidogo mno kulingana na kilichodaiwa. Tunakubaliana nao. Hata hivyo mlango ulikuwepo, na uliwezekana kufunguliwa na mtu mmoja mwenye subira.

Lilongwe, Arusha na shimo la katikati

Afrika Mashariki haijakaa bure. Tume ya Ushindani ya COMESA ilianza kazi Januari 2013, makao yake Lilongwe, Malawi, na inaweza kuchunguza jambo linalogusa nchi wanachama zaidi ya moja. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Somalia zote ni wanachama. Kwa hivyo kampuni zikipanga bei ya kutuma pesa kati ya Nairobi na Kampala, kuna ofisi moja yenye mamlaka pande zote mbili.

Tanzania haimo. Ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ramani ya ushindani ina shimo pale pale ambapo biashara yetu ya jirani ni kubwa na ya kila siku: Namanga, Taveta na Holili, Lunga Lunga na Horohoro. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya ushindani, iliyopitishwa 2006, na mamlaka yake iko Arusha. Miaka mingi ilibaki kwenye karatasi. Ni Novemba 2025 ndipo ilipoanza kupokea maombi ya kampuni zinazotaka kuungana. Ni hatua njema, lakini kampuni zinazoungana hujitokeza zenyewe na makaratasi yao. Kateli haijazi fomu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe. Mamlaka za ushindani za nchi mbalimbali huongea. Zina mtandao wao wa kimataifa tangu 2001, zinatia saini makubaliano, zinatembeleana, zinafundishana. Ni kazi nzuri. Tatizo ni kwamba makubaliano mengi ya aina hii duniani yana kifungu kimoja kinachofanana: habari za siri za kampuni hazipiti, ila kampuni yenyewe ikiridhia. Na kampuni huridhia lini? Inapotaka kuungana na nyingine na ina haraka ya kupata kibali, inasaini barua ya ridhaa siku hiyo hiyo ili ofisi za nchi mbili zilinganishe mafaili. Inapochunguzwa kwa kupanga bei, ghafla siri za biashara zinakuwa takatifu. Kwa maneno mengine, ushirikiano unafanya kazi vizuri pale kampuni inapoutaka.

Hata wakubwa wamekwama hapo. Marekani ilitunga sheria mwaka 1994 inayoiruhusu kupeana ushahidi wa siri na nchi nyingine, jinai na madai pia. Nchi iliyosaini mkataba kamili chini ya sheria hiyo ni moja tu, Australia, mwaka 1999. Haisaini kirahisi mtu aliyezoea kushikilia funguo.

Maoni yetu ni kwamba Kenya na Tanzania zisisubiri kampuni ziridhie. Zifanye makubaliano yanayofunga kisheria, kwa njia ya Arusha au moja kwa moja, ili mamlaka ya upande mmoja iweze kumwomba mwenzake akusanye nyaraka na ampe, siri au si siri, kwa sharti kwamba zitatumika kwa kesi hiyo ya ushindani tu. Pia sheria iseme wazi kwamba ofisi ya kikanda ikishathibitisha kosa, mteja au mwenye duka anayedai fidia katika mahakama ya Kenya asianze kuthibitisha upya. Faini ya serikali haiingii kwenye simu ya aliyekatwa. Bila kipengele hicho, kateli ikivunjwa serikali mbili zitapata mapato, na wewe utapata taarifa kwa vyombo vya habari.

Tunajua tunachokisema. Sisi pia ni kampuni ya malipo. Tuna mikataba na washirika nje ya nchi, tuna bei za kubadilisha pesa, tuna barua pepe. Makubaliano tunayoyaomba yangehusu mafaili yetu kama ya wengine, na hatuombi tuwekwe kando. Kampuni inayoshindana kwa haki haina cha kupoteza afisa wa Dodoma akisoma jinsi bei yake ya leo ilivyofikiwa.

Kitu kimoja hatukubali kipite, nacho ni habari zako. Kuchunguza njama ya bei kunahitaji kuona bei, mikataba na mawasiliano ya wakubwa wa kampuni. Hakuhitaji kujua ulimtumia nani pesa Jumapili jioni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022. Makubaliano yoyote ya ushindani yaandikwe kwa kuziheshimu, na pale sampuli ya miamala inapohitajika, majina na namba za simu ziondolewe kabla ya kuvuka mpaka.

Wapo watakaosema hii ni kuuza uhuru wa nchi, ati mgeni asipekue kampuni zetu. Hoja hiyo tungeielewa kama upekuzi ungefanywa na mgeni. Lakini anayekusanya nyaraka Nairobi ni afisa wa Kenya, chini ya sheria ya Kenya, na kampuni inaweza kwenda mahakamani hapa kumpinga. Wasiwasi mwingine una msingi zaidi: kwamba nchi kubwa itaomba kila siku na ndogo haitapata jibu. Hilo dawa yake ni kuandika muda wa kujibu ndani ya makubaliano, na kulazimisha anayekataa atoe sababu kwa maandishi.

Na wewe? Kabla ya kubonyeza "thibitisha" kwenye pesa ya kuvuka mpaka, usiangalie ada peke yake. Angalia mpokeaji atapata ngapi, kisha linganisha na kampuni nyingine dakika hiyo hiyo, kwa sababu bei hubadilika. Hifadhi meseji. Ukiona kampuni zote zimepandisha kwa kiasi kile kile siku ile ile, mara moja, mara mbili, mara tatu, inaweza kuwa soko limebadilika tu, na mara nyingi ndivyo. Bado unaweza kuandika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ukaambatanisha meseji zako. Taja tarehe, kiasi ulichotuma, kiasi kilichopokelewa na jina la kila kampuni uliyolinganisha, hata kama yetu imo.